Nimesimikwa Bila Kuulizwa

Tangu wiki ya kwanza ya Novemba silali. Nasema mapema ili msomaji akikuta sentensi imepinda mahali asidhani ni uzee. Ni balbu. Balbu nne, wati 400 kila moja, zimening'inizwa kwenye nguzo za mkaratusi upande wa juu wa kibanja changu hapa Kamuli. Kila jua likizama kule kwenye vilima vya Rwanda, jirani yangu analichomoza upya.

Jirani huyu nitamwita Ta Mapipa. Jina lake halisi nalijua, ila akiliona limechapwa atakuja kudai hisa. Ni mtega senene. Kwa ndugu zangu wa Pwani wanaodhani senene ni panzi tu aliyepata bahati ya kukaangwa: senene ni senene. Anakuja na mvua za Novemba na Desemba, halafu anachungulia tena Aprili na Mei, anaruka usiku makundi kwa makundi, na akiona mwanga mkali akili inamtoka. Waganda wamemwachia hata mwezi. Novemba kwao ni Museenene. Sisi hatujampa mwezi, tumempa usingizi wetu.

Mtego wenyewe ni hivi. Unachukua mabati mapya, yawe mapya kweli, maana bati la kutu senene anapata pa kushika. Unayasimamisha kwa kuyainamisha, miguu yake ndani ya mapipa yaliyo wazi. Juu yake unatundika taa. Pembeni unawasha majani mabichi yatoe moshi. Senene anaiona taa kutoka mbali, anakuja mbio, moshi unamlevya, anajipigiza kwenye bati, anateleza, anaingia pipani, na humo anakuta wenzake elfu kadhaa wakijiuliza swali lile lile. Sauti ya kujipigiza ndiyo ya kutisha. Usiku wa senene wachache ni kama mtu anamwaga mtama kwenye sinia. Usiku wa senene wengi ni mvua ya mawe, isipokuwa hii mvua inang'ata.

Mimi namiliki taa moja ya wati 9, nayo naizima nikishakaa. Kwa hiyo mtaelewa uchungu wangu. Sisi wa Kagera tulikaa miaka mingi tukila umeme wa kuazima Uganda, unakuja kwa waya kupitia Masaka mpaka Kyaka, tukashukuru. Siku hizi wilaya yetu ya Kyerwa ina makuu yake: pale mpakani Murongo mto Kagera unazungusha mashine za megawati 14, na kwa makubaliano umeme wake ni nusu kwa nusu, yetu na ya Waganda. Nikilala kitandani na kitenge cha mke wangu usoni huwa nafikiri: mataifa mawili yamekaa mezani, yamesaini makaratasi, yamezungusha mto mzima, ili Ta Mapipa apate kumulika mto wangu wa kulalia.

Jogoo wangu ameacha kazi. Zamani aliwika alfajiri kama jogoo mwenye wazazi. Sasa anawika saa tano usiku, anawika saa nane, na anawika kila Ta Mapipa anapoongeza mafuta kwenye jenereta ya akiba. Kulipopambazuka juzi alikuwa amelala juu ya banda, kichwa chini ya bawa, na kuku wote wamemzunguka wakimtazama kama wanafunzi wanaomsubiri mwalimu aliyelewa. Nasema hivyo kwa heshima. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka thelathini na moja.

Kuna na wale wageni wasioalikwa. Mwanga haubagui. Unaita senene, unaita nondo wakubwa kama popo, unaita popo wanaofuata nondo, na unaita kile kidudu chembamba chenye mikanda myeusi na myekundu, ambacho ukikipondea shingoni kinakuacha na alama kama umeangukiwa na asidi ya betri. Ninayo alama hiyo sasa hivi, chini ya sikio la kushoto. Mke wangu aliitazama asubuhi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akauliza nilikuwa wapi.

Basi nikiwa katika hali hiyo, akaingia mpwa wangu kutoka Dar.

Ni mtoto wa dada yangu, kijana mzuri, alisomea kompyuta akamaliza. Ukoo mzima ulichanga. Kisha badala ya kutafuta kazi akawa msanii. Si msanii wa kuimba, huyo angalau ungemsikia redioni ukaringa. Wala si wa kuchora, maana alipokuja mwaka juzi nilimwomba anichoree ng'ombe akanichorea kitu ambacho hata daktari wa mifugo asingekitambua. Anasema huwa anakwenda pale Nafasi, Mikocheni, wanakokutana wasanii, na huko amejifunza sanaa ambayo jina lake lilinichukua siku mbili kulimeza: sanaa shirikishi ya kusimika ya mwanga na teknolojia.

Nikamwambia, mpwa, sisi hapa tunasimika askofu. Zamani tulisimika Omukama, mfalme wetu. Tunasimika nguzo. Wewe unasimika nini?

"Mjomba, unasimika mazingira. Mtu akiingia, kazi inamjibu. Bila yeye, haijakamilika."

Alifika na bodaboda ya mwisho, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mgongoni begi lililojaa nyaya. Shikamoo yake ilikatika katikati. Nilikuwa bado nimeshika mkono wake nasubiri "moo" aliposhangaa kitu nyuma yangu, akaniachia, akapita kando yangu, akasimama kwenye ukingo wa kibanja akitazama kwa Ta Mapipa. Moshi ulikuwa unapanda, mwanga wa kijani na buluu unakata moshi, senene wanazunguka ndani yake kama chenga za dhahabu zinazojua zinakokwenda, na vijana wa Ta Mapipa wanakimbia na magunia, wamefunika nyuso kwa kanga za mama zao.

"Mjomba," akasema kwa sauti ya mtu aliyeingia kanisani, "nani amefanya hii?"

"Nani amefanya nini?"

"Hii kazi."

Nikajua mwezi huu sina mtetezi.

Usiku ule hakula. Mke wangu alimpikia katogo, ndizi na maharage kama anavyopenda, ikapoa. Alikaa kwa Ta Mapipa hadi saa tisa na simu yake, na Ta Mapipa, ambaye katika miaka ishirini ya ujirani hajawahi kuniuliza habari za taa zake, akampa kiti. Asubuhi ndipo somo likaanza. Nimelipokea lote nikiwa naanika kahawa, kwa hiyo kama kuna mahali nimekosea laumuni mikeka.

Anasema kuna Mmexico mmoja, Rafael Lozano-Hemmer, mwaka 2006 alitundika balbu nyingi kwenye chumba kitupu. Unaingia, unashika vishikio viwili, mashine inasikia mapigo ya moyo wako, na balbu moja inaanza kuwaka na kuzima kwa mapigo yako hayo. Ukiachia, moyo wako unahamia kwenye balbu ya jirani yake, na wa mtu wa mbele yako unasogea, hivyo hivyo, mpaka chumba kizima kinakuwa kinadunda mioyo ya watu walioshaondoka. Mgeni mpya akiingia, moyo wa zamani kuliko wote unadondoka mwishoni mwa foleni. Kazi hiyo mwaka 2007 ilipelekwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kuiwakilisha Mexico.

Hili, nakiri, lilinigusa. Niligeuza kahawa kimya kidogo. Halafu nikauliza nani anayelipia yuniti.

"Mjomba, hiyo si hoja."

Hiyo ndiyo hoja. Kila mtu anayeniambia jambo kubwa kuhusu mwanga, nikimuuliza yuniti, ananiambia si hoja.

Akaendelea. London, mwaka 2003, jamaa anayeitwa Olafur Eliasson alitengeneza jua ndani ya jumba la makumbusho la Tate Modern. Nusu duara ya taa za manjano ukutani, kioo dari nzima kikakamilisha nusu ya pili, na ukungu kidogo wa kupulizwa. Watu zaidi ya milioni mbili wakaenda. Wakalala sakafuni chali, wakajitazama kwenye kioo huko juu, wakapunga mikono. Hapo nikamwelewa Mwingereza. Kama ningeishi kwenye nchi ambayo jua linakuja kwa barua, na mimi ningelala sakafuni. Lakini Kamuli hatuna upungufu wa jua. Tuna upungufu wa giza, tena tangu Novemba.

Kisha akanipa ile ya mvua. Kundi moja la wasanii wa London, Random International, walitengeneza chumba ambamo mvua inanyesha humo ndani mfululizo, na kamera zinakuona ulipo, na pale uliposimama tu mvua inaacha. Unatembea katikati ya mvua hulowi. Walikionyesha kwenye jumba la Barbican, huko huko London, mwaka 2012, watu wakapanga foleni ya saa nyingi, na tangu mwaka 2018 kipo cha kudumu kule Sharjah, jangwani, kwa Waarabu.

"Wanalipa?" nikauliza.

"Wanakata tiketi."

"Wanalipa wasinyeshewe."

"Mjomba, ni kuhusu uhusiano wa mwanadamu na…"

Sikumsikia tena. Nilikuwa natazama mikeka yangu. Miaka yote niliyoanika kahawa maganda hapa, mvua ya Novemba haijawahi kunikwepa hata siku moja. Nikiwa shambani inanisubiri nyumbani, nikiwa nyumbani inanifuata chooni. Na mahali fulani duniani ipo mvua yenye adabu, inayoona mtu anakuja ikampisha, na wameipeleka jangwani ikawapishe watalii. Nilimwambia mpwa wangu kama kweli ana akili ile tuliyoichangia, awaandikie wale jamaa waniletee mtambo huo, nisimame mimi hapa, kamera zinione, na mikeka yangu sita izingatiwe kuwa sehemu ya mwili wangu.

Aliandika kitu kwenye daftari. Nadhani aliandika kuwa mimi ni kikwazo.

Sasa, mtu akikumulika dirishani majuma mawili, sheria ipo. Hivyo ndivyo nilivyofundisha uraia. Nikavaa koti nikaenda ofisini kushtaki. Ofisi gani sitasema. Ina meza, kalenda ya mwaka juzi na kijana mpole. Alinisikiliza vizuri, akachukua fomu, kalamu ikasimama hewani.

"Mwalimu, niandike ni malalamiko ya nini? Kelele?"

"Mwanga."

"Hapa kuna kelele, harufu, mifugo, mipaka. Mwanga hakuna."

"Andika biashara bila kibali."

"Mpwa wako alipita hapa asubuhi. Amesema ni sanaa."

Mpwa wangu. Damu yangu. Alikuwa amenitangulia.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anacheka, na hapo, bila kujua, akanipa silaha. Anasema kulikuwa na Mmarekani, Dan Flavin, ambaye tangu miaka ya sitini sanaa yake ilikuwa kuchukua zile taa ndefu za dukani, za mrija, na kuzifunga ukutani. Basi. Alishafariki wakati kazi zake zilipoingizwa Uingereza mwaka 2006, zikiwa zimefunguliwa kwenye masanduku, na watu wa forodha wakatazama wakaona mirija na vishikizo. Sanaa inatozwa kodi kidogo. Taa zinatozwa nzima. Mwaka 2008 baraza la kodi la Uingereza likaamua ni sanaa. Mwaka 2010 Kamisheni ya Ulaya ikaketi, ikafikiri, ikaamua: hizi ni taa za ukutani.

Sijawahi kuipenda Ulaya kama siku ile. Nilimwambia arudie. Akarudia kwa huzuni, akidhani nitawahurumia wasanii. Mimi nilikuwa namwona yule afisa, mtu wa makamo, miwani puani, ameitwa kutazama kitu kinachowaka, wenzake wote wanasema ni mbingu imefunguka, yeye anageuza nyuma anaona waya na plagi, anaandika: taa. Huyo angekuwa ofisini kwetu ningeshalala.

"Hata hivyo mjomba," akasema, "ya Ta Mapipa inazidi ya Flavin. Ya Flavin unatazama tu. Hii inashirikisha. Kuna mpiga picha Mwitaliano, Michele Sibiloni, aliwafuata wategaji wa Uganda misimu mingi, akatoa kitabu mwaka 2021, jina lake *Nsenene* tu. Watu Ulaya wanakinunua."

"Wanakula nini?"

"Hawali mjomba. Wanatazama picha."

Nikamhurumia senene kwa mara ya kwanza. Kufa bila kukaangwa.

"Na nani anashirikishwa?" nikauliza.

"Senene. Mwanga unawaita, wanauitikia, umbo linabadilika kila dakika. Vijana wa magunia. Moshi. Halafu wewe."

"Mimi?"

Akanielekeza dirishani. Usiku uliotangulia alikuwa amepiga picha nyumba yangu kwa nje. Ukuta wangu mweupe, ule niliopaka chokaa Krismasi, ulikuwa umejaa vivuli vya senene, wakubwa kama kuku, antena ndefu kupita miili yao, wanapanda na kushuka kwenye ukuta mzima. Na katikati, kwenye dirisha, kivuli cha mtu amejifunika kitenge kichwani, ngumi moja juu.

"Bila wewe," mpwa akasema, "haijakamilika."

Nimefanya kazi ya umma, nimestaafu kwa barua, nimekuwa mzee wa kanisa. Sikuwahi kuomba kuwa kivuli kwenye kazi ya Ta Mapipa. Babu zetu wa Karagwe walijua kusimika vitu: Omukama Rumanyika kule Bweranyange alikuwa na nyumba nzima ya hazina, ng'ombe wadogo wa chuma, mikuki, shaba, na wazungu walipopita, Speke mwaka 1861, Stanley mwaka 1876, waliandika wakachoka. Lakini angalau hazina ya Omukama ilikaa ndani na mlango ukafungwa. Haikuja kuchezea ukutani kwa mwalimu mstaafu.

Kilichofuata sikukipanga. Nasema hivyo kwa sababu Ta Mapipa bado anaamini nilikipanga.

Mpwa wangu aliamua "kuchangia". Alimweleza Ta Mapipa habari ya yule Mmexico na mioyo. Ta Mapipa, ambaye hospitali aliwahi kuambiwa moyo wake una nguvu kama wa kijana na hajaacha kuwatangazia watu, alipenda. Wakakubaliana kwamba usiku wa Jumamosi taa zitadunda kwa moyo wake. Kijana akatoa kwenye begi kompyuta ya ukubwa wa kiberiti, swichi ya umeme ya kuunganisha, na kibanio cha kidole kama kile cha hospitali. Alifanya kazi kutwa nzima. Habari ikaenea, saa mbili usiku nusu ya Kamuli ilikuwa kwenye ukingo wa kibanja changu, wamekanyaga maboga, wamekuja na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mke wa Ta Mapipa alikaa mbele, amevaa gomesi, maana alikuwa ameambiwa kwa ufupi tu kwamba ile taa itakuwa moyo wa mumewe.

Na senene walikuwa wengi, hapo lazima nimpe mtu haki yake. Usiku bila mwezi, baada ya mvua ya jioni, upepo hakuna. Bati lilikuwa halisikiki tena tone kwa tone. Ni ngurumo moja. Senene mmoja alitua kwenye kioo cha miwani yangu, wa kijani, akakaa. Nilimwona kwa karibu kuliko nilivyowahi kumwona senene asiye na chumvi. Uso mrefu kama wa farasi, anazisafisha antena zake moja moja kwa mdomo, kwa utulivu, kama bibi anayelamba uzi kabla ya kutunga sindano. Huku nyuma yake dunia yake yote inaingia pipani.

Mpwa akahesabu. Tatu, mbili, moja. Akambana Ta Mapipa kidole.

Moyo wa Ta Mapipa ulidunda mara moja, ukazima.

Giza.

Kwa faida ya vijana wengine wenye kiberiti chenye kompyuta: taa hizi si balbu ya sebuleni. Ndani yake mna zebaki, na ikiwaka inakuwa mvuke wa moto wenye shinikizo kubwa. Ukizima, hata kwa nusu ya pumzi, haiwaki tena mpaka ipoe. Dakika tano, pengine kumi. Fundi yeyote wa mitego angemwambia. Yule Mmexico alitumia balbu za kizamani za uzi, zinazowaka na kuzima upendavyo. Mpwa wangu alijua mambo yote ya Venice, hili hakuliuliza hapa.

Mke wa Ta Mapipa alipiga yowe ambalo nadhani lilivuka mto hadi Rwanda. Watu wakadhani mzee amekufa. Wengine wakaanza kuomba. Ta Mapipa akapiga kelele kwamba yu hai, ila gizani nani atamwamini? Yowe likazidi, mtu akamwagia mwingine rubisi. Mmoja alipowasha tochi ya simu tukamwona amesimama, kibanio kidoleni, anatazama ng'ambo ya bonde, ambako mtego wa mshindani wake ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Na juu yetu, kama mkeka unaovutwa na mtu asiyeonekana, senene wote wakageuka wakaelekea huko.

Mimi nilirudi nyuma taratibu nikakaa kwenye kiti changu barazani.

Sijui niseme vipi. Giza lilikuwa limerudi lote, lile la zamani, zito, lenye harufu ya majani ya mgomba yaliyolowa. Matone yalikuwa yanadondoka jani hadi jani. Vyura wa bondeni, waliokuwa kimya majuma mawili, wakaanza mmoja, wakaanza wote. Halafu nikaona vimulimuli juu ya mikahawa, vinawaka na kuzima, kila kimoja kwa moyo wake. Nyota zilikuwepo, zile zile, nilidhani zimehama. Jogoo akanyamaza. Mke wangu alikuja akakaa kando yangu na kile kitenge, safari hii mabegani, wala hakuniuliza nilikuwa wapi.

Nadhani nililala dakika saba.

Kisha taa zikaanza kurudi, kwanza hafifu, kisha ile buluu ya kuchoma macho, na kuta zangu zikajaa tena miguu.

Kesi ilisikilizwa Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe, wazee watano. Ta Mapipa alidai madebe manne ya senene waliokwenda ng'ambo. Nikasema senene hawana alama ya masikio, atajuaje walikuwa wake? Wazee wakacheka, wakaniamuru nilipe mawili, kwa kuwa kijana ni wa dada yangu na aliyemsomesha hujibu. Ndiyo hivyo, ninasimikwa bila ridhaa na faini natozwa mimi. Mpwa hakuonekana kujuta. Anasema kazi "ilishindwa vizuri", na kwamba ile saa ya giza, maana yeye anaiita saa, ndiyo sehemu watu wanayoizungumzia.

Jana usiku aliposhuka kutoka kwa Ta Mapipa nilimsubiri barazani. Nilisubiri mpaka mke wangu aingie ndani.

"Mpwa," nikasema, "ile kazi yako ya Jumamosi."

"Mjomba, nimeshasema samahani."

"Inaweza kurudiwa?"

Alinitazama kwa muda. Taa za Ta Mapipa zilikuwa zinammulika upande mmoja wa uso, na nikaona jinsi anavyofanana na dada yangu anapofanya hesabu.

"Inaweza. Ila kuna malipo ya msanii. Na fidia ya Ta Mapipa, kila mara."

Akataja kiasi. Kwa dakika kumi za giza kila usiku hadi msimu uishe.

Kwa miaka yangu yote ya ualimu nimesimama mbele ya darasa nikakemea butura. Nimewaambia watoto wa wakulima, mtu asiuze kahawa ingali ua, asipokee fedha ya tajiri leo kwa zao la mwakani. Niliwaandikisha insha. Niliwachapa kwa ajili ya insha hizo.

Nikamwambia asubiri hapo. Nikachukua tochi, nikaenda shambani kuhesabu mikahawa iliyotoa maua.